Domeni tatu za zamani kuingia tovuti moja: shajara ya mradi kutoka Mwaloni, Kirumba

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimekabidhiwa kazi ya kuunganisha tovuti tatu za chama cha kina mama wakaushaji na wauzaji wa dagaa hapa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ziwe tovuti moja. Tovuti mpya imekwisha kujengwa na iko mtandaoni tangu mwezi uliopita, lakini mtu akitafuta “bei ya dagaa Mwanza” kwenye Google haioni hata akipekua hadi ukurasa wa tatu wa matokeo. Anachokutana nacho ni tovuti yetu ya zamani, yenye bei za miaka iliyopita na namba ya simu isiyopokelewa tena. Kwa wafanyabiashara wanaokuja kununua hapa kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Zambia, namba isiyopokelewa ni sawa na duka lililofungwa, na mteja wa namna hiyo hapigi mara ya pili.

Nimeanza kwa kuziorodhesha domeni zenyewe, yaani majina yanayofungulia tovuti hizo, na kwa kuwa sitaki kuanika anwani za chama humu, nitaziita kwa majina ya kazi. Ya kwanza ni domeni ya mafunzo, inayoishia kwa .org, iliyofunguliwa wakati kina mama walipofundishwa kukausha dagaa juu ya vichanja badala ya kuwaanika mchangani. Ya pili ni domeni ya magunia, inayoishia kwa .co.tz, ambayo imechapishwa kwa wino wa bluu juu ya kila gunia lililotoka ghalani kwetu kwa miaka mingi. Ya tatu inaishia kwa .com, nayo ilikuwa na kurasa chache za Kifaransa kwa ajili ya wanunuzi wa Lubumbashi na Bukavu.

Baada ya shikamoo na marahaba, Mwenyekiti aliniuliza swali la msingi: “Mwanangu, kwa nini hizo za zamani tusiziache zife zenyewe? Mpya si ipo?” Nikamwomba anikumbushe alivyofanya meza yake ilipohamishwa kutoka upande wa ziwani kwenda karibu na lango. Akasema alimweka mjukuu wake pale pa zamani mwezi mzima, awe anawaelekeza wateja. Nikamwambia kwamba kazi yangu ni hiyo hiyo, yaani kuiagiza seva, kompyuta inayotunza tovuti, impeleke anayefungua anwani ya zamani kwenye mpya, ila mjukuu wetu atakaa pale kwa miaka, na atatakiwa kumjua kila mteja amefuata nini.

Kwa wasomaji wanaofanya kazi kama yangu nitaeleza kidogo zaidi. Injini ya utafutaji huupima ukurasa kwa mambo mengi, na mojawapo ya yale ya tangu mwanzo ni viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa huo kutoka tovuti nyingine. Larry Page na Sergey Brin walipoieleza PageRank, njia yao ya kupima umuhimu wa ukurasa, mwaka 1998, wakiwa Stanford, walikihesabu kila kiungo kama kura, tena kura ambayo uzito wake unategemea heshima ya ukurasa uliokitoa. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini viungo bado vina sauti. Tovuti mpya ya chama haina viungo, ilhali domeni ya mafunzo imeunganishwa na kurasa za vyuo, za watafiti wa samaki na za magazeti. Hiyo ndiyo amana tunayotaka kuihamisha, nayo ni halali yetu kwa sababu ilipatikana kwa kazi ya kina mama hawa wenyewe.

Wiki ya kwanza, Alhamisi

Siku tatu zimeishia kwenye umiliki. Domeni ya mafunzo, tuliyodhani ni yetu, imesajiliwa kwa jina la kampuni iliyotujengea tovuti zamani, na barua pepe iliyoandikwa kwa msajili, yaani kampuni inayosajili domeni, ni ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Chama kililipa ada kila mwaka, stakabadhi tunazo, lakini mbele ya msajili jina letu halipo. Kampuni imekubali kuikabidhi baada ya barua mbili na kikao kimoja kirefu, na tunashukuru, ingawa naona ni jambo baya kusajili mali ya mteja kwa jina lako na kumwacha aigundue siku anapoihitaji.

Ile ya .com ilikuwa imekwisha muda. Kwa domeni za namna hiyo, msajili anaweza kuishikilia hadi siku 45 baada ya tarehe ya mwisho, kisha hufuata siku 30 ambazo mwenyewe bado ana haki ya kuikomboa kwa ada kubwa, halafu siku tano za mwisho ambazo hakuna kinachoweza kufanyika, na baada ya hapo yeyote anaweza kuichukua. Tuliikuta ndani ya zile siku 30. Mweka Hazina alilipa ada hiyo kwa uchungu, nami sikuona la kumfariji isipokuwa kumwonyesha siku zilizokuwa zimebaki. Domeni ya magunia haikuwa na tatizo lolote.

Wiki ya pili

Wiki nzima nimeshinda kwenye jedwali, na ninaamini kwamba kazi yote imo humu, kwa kuwa yanayofuata ni utekelezaji tu. Nimekusanya anwani zote za zamani kutoka sehemu nne: ramani za tovuti za zamani (yaani orodha za kurasa zake), kumbukumbu za seva, ripoti ya viungo katika Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, na Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imehifadhi nakala za kurasa ambazo sisi wenyewe tulikwisha kuzifuta. Zimepatikana anwani 341 katika domeni zote tatu. Kwa kila moja nimeandika safu tano: anwani ya zamani, viungo vinavyoielekea kutoka tovuti nyingine, wageni wa mwaka uliopita, anwani mpya, na uamuzi.

Njia ya mkato inajulikana, nayo ni kuzielekeza anwani zote 341 kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya kwa mstari mmoja tu. Nimeikataa. Mtu aliyebofya kiungo cha namna ya kujenga kichanja, akajikuta kwenye picha kubwa ya ziwa na maneno “Karibuni sana”, hajaelekezwa popote. Ni kama yule mjukuu angemwonyesha kila mteja lango la soko na kumwambia aingie akatafute mwenyewe. Google nayo inasema wazi kwamba ukurasa wa zamani ukielekezwa kwenye ukurasa wa mwanzo usiohusiana nao, huenda ikauhesabu kama ukurasa usiokuwepo, hata kama seva haikusema hivyo. Hapo viungo vyote vilivyoulenga ukurasa ule hupotea bure.

Jedwali ndilo lililonifumbua macho kwa jambo kubwa kuliko yote ya wiki hii. Ukurasa wenye viungo vingi kuliko kurasa zetu zote ni ule unaoeleza namna ya kujenga kichanja: miti ya aina gani, wavu wa matundu ya kiasi gani, urefu gani kutoka ardhini ili mbuzi na kuku wasifike, na kwa nini dagaa aliyekaushwa juu hana mchanga. Ukurasa huo haumo katika tovuti mpya. Aliyejenga tovuti mpya aliuona wa kizamani, akauacha. Nilikaa nikiutazama mstari huo wa jedwali kwa muda, upande wa kushoto viungo 38, upande wa kulia nafasi tupu. Hakuna kanuni ya seva inayoweza kuhamisha kitu ambacho hakipo. Nimempelekea Katibu nakala ya zamani, naye ameahidi kuiandika upya pamoja na mafundi wa vichanja, kwa vipimo vya sasa na picha mpya, na mpaka ukurasa huo utakapokuwa tayari sitagusa seva.

Taarifa za bei za kila wiki, ambazo zilikuwa kurasa 96 fupi fupi, nimeziunganisha kuwa ukurasa mmoja wa kumbukumbu za bei kwa kila mwaka, na kila taarifa itaelekezwa kwenye mwaka wake. Kurasa za Kifaransa zimepata wenzao wa Kifaransa katika tovuti mpya, na kwa hao sina zaidi la kusema.

Zipo pia kurasa ambazo nimeamua zife, na ni vizuri kulitaja hilo kwa sababu wengi huona haya kuua ukurasa. Domeni ya magunia ilikuwa na ukurasa wa saa za kivuko cha Kigongo na Busisi, ulioandikwa kwa ajili ya madereva wa malori ya dagaa waliokuwa wakikesha kwenye foleni. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na malori sasa yanavuka bila kusubiri kivuko. Hakuna ukurasa mpya unaojibu swali lile, kwa kuwa swali lenyewe limekwisha. Ukurasa huo utajibu kwa msimbo 410, unaomaanisha kwamba kitu kimeondolewa kabisa, na roboti la Google, programu yake inayopitia kurasa za mtandao, litaelewa.

Wiki ya tatu

Katibu ameleta ukurasa wa vichanja, nao umezidi ule wa zamani kwa mbali. Vipimo vimechorwa kwa mkono na fundi mwenyewe, na picha zimepigwa asubuhi, dagaa wakiwa bado wanang'aa.

Katikati ya wiki alinipigia mtu anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa kupandisha tovuti, akisema amesikia tunahamisha domeni. Alitaka kutuuzia domeni kumi na mbili zilizokufa na wenyewe wakaziacha, ambazo kila moja ina viungo vyake, ili tuzielekeze zote kwenye tovuti ya chama. Aliniahidi ukurasa wa kwanza wa Google kabla ya mwezi kuisha. Nilimwomba orodha, nikaifungua domeni moja baada ya nyingine katika Wayback Machine. Mojawapo ilikuwa ya shule ya msingi, nyingine ya kikundi cha kusaidia wagonjwa, na hakuna hata moja iliyowahi kuwa na neno juu ya samaki.

Nimelichukulia jambo hili kwa uzito, kwa sababu kwa nje linafanana na ninachokifanya mimi, na Kamati ilikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Katika tangazo lake la tarehe 5 Machi 2024, Google iliingiza matumizi mabaya ya domeni zilizokwisha muda katika sera zake dhidi ya taka za mtandaoni, na miongoni mwa mifano iliyotolewa ni tovuti ya zamani ya shule ya msingi inayogeuzwa kuwa ya kamari. Kanuni hiyo inamlenga anayenunua heshima ya mtu mwingine ili kupandishia kitu kisichomhusu aliyeipata. Aliyeunganisha tovuti yake na ya shule alikuwa akiisifu shule. Hakuwa akisema lolote juu ya dagaa wetu. Kiungo kama hicho, hata kisipoleta adhabu, Google ina kila sababu ya kukipuuza, na fedha ya kina mama ingekuwa imezama ziwani.

Mwenyekiti alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza: “Hizo domeni si za watu?” Nikasema walikuwa nazo, wakaziacha. Akasema: “Basi na sisi tuziache.” Kikao kikaendelea na ajenda ya magunia.

Wiki ya nne

Nimehamia kwenye seva. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutotumia huduma ya kuelekeza domeni inayotolewa na msajili, ijapokuwa ni rahisi na haina gharama. Huduma hiyo kwa domeni ya magunia ilikuwa ikiutupa mstari wote unaofuata jina la domeni, kwa hiyo kila anwani ingeangukia ukurasa wa mwanzo, na jedwali langu lingekuwa karatasi tu. Pia haikuwa na cheti cha usalama. Hili la cheti huwapita watu wengi: kivinjari kikiitwa kwa https, njia salama ya kufungua tovuti, hukagua cheti cha domeni ya zamani kabla ya kupokea neno lolote kutoka kwa seva, na cheti kisipokuwepo mgeni huonyeshwa onyo la hatari, wala hafikii hatua ya kuelekezwa. Domeni ya zamani, hata ikiwa haina ukurasa hata mmoja, inahitaji cheti hai kwa muda wote itakaotumika. Nimezielekeza domeni zote tatu kwenye seva yetu, nikaziombea vyeti vya Let's Encrypt kwa jina lenye www na lisilo nayo, na nikahakikisha vinajihuisha vyenyewe kabla ya siku 90 kwisha.

Kanuni nimeziandika kwanza kwa msimbo 302, ambao humaanisha uhamisho wa muda, kwa ajili ya majaribio pekee. Sababu ni kwamba vivinjari huuweka akilini msimbo 301, ambao ndio wa uhamisho wa kudumu, na ukikosea kanuni yenye 301 kosa lako hubaki katika simu ya mgeni hata baada ya wewe kulisahihisha. Nikisharidhika nitabadilisha zote ziwe 301, kwa kuwa huo ndio unaoiambia injini ya utafutaji kwamba anwani mpya sasa ndiyo yenyewe. Zamani mafundi waliogopa kwamba kila uelekezaji hupunguza nguvu ya kiungo. Gary Illyes wa Google alilimaliza jambo hilo mwaka 2016 aliposema kwamba misimbo ya jamii ya 30x haipotezi tena PageRank.

Makosa niliyokutana nayo ni mawili. La kwanza ni la anwani za zamani za WordPress, programu ya kujengea tovuti, zile zenye alama ya kuuliza na namba, kama ?p=41. Niliandika kanuni za RedirectMatch nikashangaa hazifanyi kazi, mpaka nilipokumbuka kwamba katika Apache, programu inayoendesha seva yetu, kanuni hiyo haisomi chochote kilicho baada ya alama ya kuuliza. Nikahamia RewriteCond inayosoma sehemu hiyo, na sasa mgeni akafika, lakini mkia wa ?p=41 ulikuwa umeng'ang'ania kwenye anwani mpya, na ukurasa mmoja ukawa na anwani mbili. Bendera ya QSD mwishoni mwa kanuni imeukata mkia huo.

Kosa la pili ni mnyororo. Anwani ya http bila www ilipelekwa kwanza kwenye https, kisha kwenye www, kisha kwenye tovuti mpya bila alama ya mkwaju (/) mwishoni, kisha yenye mkwaju. Roboti la Google hufuata hadi hatua kumi, hivyo lingefika, lakini mtu mwenye simu ya bei nafuu katika mwalo wa Ukerewe, ambako mtandao hupanda na kushuka, angezisubiri hatua nne hizo moja baada ya nyingine. Nimeziandika upya kanuni zote ili kila anwani ifike kwa hatua moja. Kisha nimeandika programu fupi inayoziita anwani zote 341 na kulinganisha jibu la seva na jedwali. Mara ya kwanza zilitofautiana 27, mara ya pili 4, na jana usiku, saa tano kasoro, hazikutofautiana hata moja.

Wiki ya tano, siku za mbalamwezi

Tarehe ya kuwasha tumeipanga kwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, wavuvi hupumzika kwa siku kama kumi, na soko hupoa. Wageni wanaotafuta bei huwa wachache siku hizo, na likitokea kosa litawaumiza wachache. Siku mbili kabla nilikuwa nimepunguza muda wa kumbukumbu ya DNS, mfumo unaoonyesha domeni iko kwenye seva ipi, kutoka saa moja hadi dakika tano, ili ikibidi kurudi nyuma turudi haraka.

Nimewasha saa nne asubuhi, misimbo yote ikiwa 301. Kisha nikafanya mambo yanayofuata kwa utaratibu: nimehakikisha faili la robots.txt la domeni za zamani halizuii chochote, kwa kuwa roboti likizuiwa mlangoni haliwezi kuuona uelekezaji. Nimewasilisha ramani ya tovuti mpya. Na nimetumia chombo cha kubadilisha anwani katika Search Console kwa kila domeni, ambacho hukubali pale tu akaunti moja imethibitishwa kuwa mmiliki wa tovuti zote mbili, ya zamani na mpya. Viungo vya ndani vya tovuti mpya vilivyokuwa bado vinaelekea kwenye domeni za zamani nimevibadilisha kimoja kimoja, maana hakuna sababu ya kumtuma mtu nje ya nyumba ili aingie tena kwa mlango mwingine.

Kazi iliyobaki ni ya kalamu. Nimewaandikia barua pepe wenye tovuti 19 zenye viungo muhimu zaidi, nikiwaomba kwa adabu wabadilishe anwani wenyewe. Uelekezaji unafanya kazi, lakini kiungo kinachokwenda moja kwa moja hakimtegemei mtu atakayekumbuka kulipa ada ya domeni. Chuo kimoja kimejibu siku hiyo hiyo, na mtafiti wake ameomba ruhusa ya kutumia mchoro mpya wa kichanja katika mafunzo yake.

Wiki ya saba

Wageni kutoka Google wamepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na jumla ya tovuti tatu za zamani. Nililitarajia hili na niliieleza Kamati mapema, lakini kulitarajia hakukunizuia kufungua ripoti kila asubuhi kabla ya chai. Google inasema kwamba kwa tovuti ya ukubwa wa kati huchukua wiki kadhaa kurasa nyingi kuhama, na ndivyo ninavyoona: kurasa zenye viungo vingi zimehama ndani ya siku chache, na zile za kumbukumbu za bei za miaka ya nyuma zinasuasua. Mweka Hazina amependekeza turudishe kama ilivyokuwa. Nimemwomba asubiri, kwa sababu kurudi katikati ya safari ndiko kungeyachanganya maroboti kuliko yote.

Wiki ya kumi na moja

Tumevuka. Ukurasa wa vichanja katika tovuti mpya uko nafasi ya pili kwa mtu anayetafuta namna ya kukausha dagaa, na ukurasa wa bei uko katika matokeo ya kwanza kwa “bei ya dagaa Mwanza”. Sitadai kwamba uelekezaji peke yake umeyafanya haya. Ukurasa wa vichanja ungepokea viungo vyote vya zamani na bado ungeshuka kama Katibu asingeuandika vizuri. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kurasa zilizoelekezwa kwa zinazolingana nazo zimeshika nafasi za wazee wao au kuzipita, na kurasa sita ambazo nilizielekeza kwa kulazimisha, kwa kuwa sikupata mwenzi halisi, zote zimetoweka. Sita hizo nimezirudia: mbili zimeandikiwa kurasa mpya, nne zimepewa msimbo 410.

Leo pia tumelipia domeni zote tatu kwa muda mrefu. Google hushauri uelekezaji uachwe kwa mwaka mmoja angalau, na chombo cha kubadilisha anwani kinataka siku 180, lakini magunia yetu hayajui siku 180. Gunia zuri la dagaa hutumika tena na tena, hubeba mahindi, hubeba mkaa, hufunika paa la banda, na anwani yetu ya bluu imo juu yake muda wote huo. Tarehe za kulipia zimeandikwa katika daftari la michango, kwa mkono wa Mweka Hazina, na usajili wote uko kwa jina la chama.

Mwezi wa tano

Katika kumbukumbu za seva kuna anwani moja inayoombwa karibu kila siku kupitia domeni ya magunia, nayo haimo katika jedwali langu: /bei-ya-daga, yenye herufi “a” moja tu mwishoni. Mwanzoni nilidhani ni mtu mmoja anayekosea kuandika. Lakini wanaoiomba wako Goma, wako Kigoma, wako Lusaka, na wote wanapata jibu la 404, yaani ukurasa haupo.

Jumanne nilikwenda ghalani nikamkuta Mwenyekiti akisimamia upakiaji. Tuliyapekua magunia ya akiba yaliyorundikwa nyuma ya mizani, yeye akiyanyoosha kwa viganja, mimi nikisoma kwa tochi ya simu. Rundo la chini kabisa, lililochapishwa miaka ya nyuma, lilikuwa na anwani hiyo hiyo. Mchapaji alikuwa amedondosha herufi moja, na hakuna aliyeigundua hadi magunia yalipokwisha kuvuka mipaka. Mwenyekiti akasema anakumbuka oda ile, ilikuwa ya magunia elfu mbili.

Niliketi pale pale juu ya gunia, nikafungua seva kwa simu, nikaongeza kanuni ya anwani ya 342 kuelekea ukurasa wa bei. Kisha nikampa Mwenyekiti simu, naye akaandika anwani hiyo taratibu kwa kidole kimoja huku akiinakili kutoka kwenye gunia, na bei ya leo ikafunguka.